Kanali Alisimama Amalemba

Kuku alikufa kabla hawajajuana majina.

Ilikuwa siku ya soko mjini Kakamega, na barabara ya Milimani ilikuwa imezibwa na trela la miwa lililopinduka. Miaka ile ya sukari trela halikukosa kupinduka kila wiki, na watu walikuwa wameshazoea: wenye panga walikuja na panga, wenye meno walikuja na meno. Nekoye hakuwa na hamu ya miwa. Alikuwa na mbwa wanne mkononi, hana pa kupita ila katikati ya soko, na mbwa na soko, jamani, havipatani.

Alipita mbio mbio, gauni lake la bluu limekazwa kiunoni kwa mkanda, raba nyeupe miguuni, minyororo minne imezungushwa kiganjani. "Kaeni kando, akina mama! Kaeni kando!" Wauza omena waliinua besheni zao huku wakimtukana. Alikuwa karibu kumaliza. Ndipo kijana mmoja aliyevaa suti ya kaki ya mikono mifupi akageuka ghafla, kuku mwekundu kwapani, na Kanali, yule mbwa mkubwa wa injinia, akaona riziki yake imefika.

"Ala! Dada! Huyo ni kuku wa mama yangu!"

"Alikuwa," Nekoye akasema akihema, akimvuta Kanali kwa nguvu zote. "Pole. Haki ya Mungu, pole sana."

Kijana akamtazama kuku, akamtazama mbwa mwenye manyoya mdomoni, akamtazama Nekoye. Kisha akacheka mpaka akashikilia gunia la maharagwe la mtu.

"Sasa nitamwambia mama ameliwa na nani?"

"Mwambie ameliwa na Kanali."

"Weh! Atafikiri tumeingiliwa na jeshi."

Kesho yake Nekoye alimpelekea kuku mwingine ofisini. Kijana aliitwa Patroba, mtu wa Matungu, karani katika ofisi ya wakulima wa miwa; ndiye aliyepanga shamba la nani livunwe lini. Alimpokea kuku kwa mikono miwili mbele ya makarani wenzake na kuuliza kama mwenye mbwa naye anaweza kuletewa chai.

Kazi ya Nekoye watu waliicheka. Alisomea taipu, akaajiriwa na wakili mmoja, wakili akahamia Nairobi na mashine yake. Nekoye akaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Wakubwa wa sukari walikuwa wamejenga Milimani, kila mmoja amenunua mbwa wa kizungu wa kulindia redio na makochi, kisha wanatoka alfajiri kwenda kazini na kurudi giza limeingia. Mbwa wanashinda wamefungwa, wananenepa, wakifunguliwa wanauma watoto wa shule. Akabisha hodi kwa mke wa injinia. "Nipe huyu saa moja tu kila asubuhi, mama." Mwaka ukaisha ana mbwa kumi na mmoja na kibao kwenye duka la Osundwa: MBWA HUTEMBEZWA, ULIZA HAPA. Mtaani wakamwita Mama Mbwa. Baba yake kule Lugari alituma neno kwamba hakusomesha mtoto ili avutwe na mbwa. Nekoye akamjibu kwamba anayevuta ni yeye.

Simu ilikuwa ya Osundwa, juu ya kaunta, kati ya mkate na mafuta ya taa. Wateja walipiga huko. Na sasa Patroba naye akaanza kupiga huko.

"Nekoye!" Osundwa angeita barabara nzima isikie. "Mwenye kuku anakutaka!"

"Halo, Mama Mbwa," Patroba angesema.

"Halo, Baba Kuku. Umekula?"

"Nimekula obusuma na mboga, lakini sijakusikia, kwa hivyo sijashiba."

"Toa uongo. Osundwa anasikiliza."

"Mwambie naye atafute wake."

"Nasikia!" Osundwa angejibu kutoka nyuma ya magunia.

Wakapendana hivyo. Jumapili walikaa kwenye bustani ya mjini, Patroba akimenya muwa kwa meno na kumpa Nekoye vipande vya katikati, vile vitamu. Akaanza kutaja wazee wake: wazee wangu wakienda Lugari itakuwa hivi, wazee wangu wakimwona babako watasema vile. Nekoye alikuwa na miaka ishirini na saba. Alijua mwanamume akianza kutaja wazee maana yake ni nini, na alilala na maneno hayo kichwani.

Jumapili moja akasema, bila kufikiri sana, "Hata mimi ni wa kwenu kidogo. Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa huko Matungu. Aliolewa mbali, hakurudinga kwao."

Patroba akaacha kutafuna. "Wa ukoo gani?"

"Sijui. Alikufa mama akiwa mdogo. Jina lake Nafula, basi. Kwani?"

"Nauliza tu, mpenzi."

Tangu siku hiyo wazee hawakutajwa tena. Badala yake Patroba akaomba kazi. "Nipe Kanali Jumamosi. Tulikutana yeye akiwa na manyoya yangu mdomoni, yeye ni ndugu."

Nekoye akampa, pamoja na sheria yake. Sheria ilikuwa moja tu. "Usimsimamishe mbwa kwa lango la mtu. Ukimsimamisha mara tatu mahali pamoja, amepaandika kichwani. Hata mimi nikimchukua, atanipeleka hapo hapo."

"Ndiyo, mwalimu. Tutaenda mpaka daraja la mto Isiukhu na kurudi."

Na kila Jumamosi alipoulizwa walienda wapi, alijibu Isiukhu.

Wiki ya tisa mvua ikanyesha, matrekta yakakwama Matungu, Patroba akatumwa huko. Alipiga simu Ijumaa. "Kesho siwezi, mama. Na ukimtoa Kanali, usipite Isiukhu, kuna matope sana. Mzungushe huko huko Milimani."

"Niko na raba, Patroba. Siogopi matope."

"Nakuomba tu."

Asubuhi alimchukua Kanali. Walipofika njia panda, Nekoye akaelekea mtoni. Kanali akaelekea mtaa wa Amalemba. Nekoye akavuta, Kanali akavuta zaidi, mkia juu. Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano, akafika kwenye lango la mabati la rangi ya kijani, akaketi. Akakwaruza mara moja kwa kucha, kwa adabu, akangoja.

Lango likafunguka. Aliyetokea alikuwa msichana mwenye shingo ndefu, leso ya manjano kifuani, nywele zimesukwa nusu. "Kanali! Karibu, baba. Maji yako yako tayari. Na Patroba wetu yuko wapi leo?"

Kisha akainua macho. "Oh. Na wewe ni nani, dada?"

"Mimi ni wa mbwa," Nekoye akasema.

"Ngoja kidogo, dada, ngoja nikuitie..."

Nekoye hakungoja. Alimburuta Kanali mpaka Milimani, akamfungia, akaketi kwenye jiwe nje ya geti la injinia na kulia waziwazi, wapita njia wakimwona. Angeambiwa na mtu, angekataa. Watu husema mengi. Lakini mbwa hana chuki na mtu wala hadanganyi, na kazi hiyo ya mbwa ndiyo kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote Kakamega. Mara tatu, labda. Huyu alikuwa amesimamishwa pale mpaka akawekewa maji.

Jumatatu simu ikalia. "Mwenye kuku," Osundwa akasema, safari hii polepole.

"Jumamosi humpeleka Kanali wapi?" Nekoye akauliza, hata halo hakusema.

"Si Isiukhu."

"Patroba."

Laini ikakwaruza. "Nekoye, hiyo si maneno ya simu."

"Ni maneno ya wapi? Ya Amalemba?" Akakata.

Alikuja mwenyewe jioni, viatu vina udongo wa Matungu. Nekoye alikuwa akipangusa minyororo mlangoni mwa duka, hakuinuka.

"Nipe wiki mbili," Patroba akasema. "Wiki mbili tu, nitakueleza kila kitu."

"Wiki mbili za nini? Za kuchagua?"

"Si hivyo. Kuna kitu nimekatazwa kusema."

"Aliyekukataza ana leso ya manjano?"

Patroba akaenda zake, mabega yameanguka. Baada ya hapo alipopiga simu, Osundwa alifundishwa kujibu: "Amesema hayuko."

Lakini Kanali hakuambiwa kwamba mapenzi yamekwisha. Jumamosi iliyofuata aliketi njia panda na kukataa kwenda kokote ila Amalemba, Nekoye akamrudisha nyumbani bila matembezi. Jumamosi ya tatu akafanya tena. Watoto wakakusanyika. Mwendesha baiskeli akasimama kutoa ushauri. Nekoye akahisi hasira inampanda kutoka kwenye raba mpaka kichwani.

"Haya!" akamwambia mbwa. "Twende! Leo huyo msichana nitamwona vizuri, na yeye anione!"

Lango la kijani lilikuwa wazi. Msichana hakuwepo. Uani, kwenye kiti kifupi, alikaa bibi kizee mwembamba mwenye sweta la shule la mtu, bakuli la maji miguuni pake. Kanali alikwenda moja kwa moja na kumwekea kichwa pajani.

"Umechelewa wiki mbili," bibi akamwambia mbwa. Kisha akamwambia Nekoye, "Na wewe ndiwe yule aliyekimbia. Keti. Una magoti mazuri, kwa nini unasimama?"

"Nimekuja kumwona mwenye nyumba."

"Phoebe? Yuko hospitali, yeye ni nesi. Ni mjukuu wangu." Bibi akamkuna Kanali sikio. "Mimi ni dada ya babu yake Patroba. Wananiita Kukhu, nyanya, hata wasio wangu."

Nekoye akajikuta ameketi chini kabisa, kwenye saruji. "Kwa hivyo Phoebe na Patroba..."

"Ni dada yake. Kwani ulifikiri ni nani?" Kukhu akamtazama, akaelewa, akaanza kucheka cheko la kukohoa. "Uwi! Maskini Phoebe! Na vile anakoroma!"

Nekoye alitamani ardhi impokee. "Sasa kwa nini alinificha? Kwa nini adanganye Isiukhu, Isiukhu kila siku?"

"Kwa sababu ya nyanya yako. Ulimwambia ni wa Matungu. Akauliza baba yake, baba yake akashtuka. Kama Nafula alikuwa wa ukoo wetu, wewe ni damu yake, hakuna ndoa, hata mlie machozi ya damu. Na mtu wa kujua nani alizaliwa wapi na akaolewa wapi nimebaki mimi peke yangu. Baba yake akamwambia: usimwambie msichana neno mpaka Kukhu aseme."

Hapo mguno ukasikika langoni. Patroba alikuwa amesimama, pakiti ya sukari mkononi, suti yake ya kaki haijapigwa pasi wiki nzima.

"Ungeniambia!" Nekoye akainuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. "Hata kama ni hivyo, Patroba, ungeniambia!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ningekwambia, ungeanza kuniita kaka."

Nekoye alijua ndivyo angefanya. Alitambua kwamba ile hasira imetoka na mahali pake pameingia hofu, hofu kubwa kuliko ya leso ya manjano. Msichana mwingine anaweza kushindwa. Damu hushindani nayo. Wote wawili wakamgeukia Kukhu.

"Kukhu," Patroba akasema, "uliahidi wiki mbili. Zimeisha. Leo sema."

Kukhu alipokea sukari, akaichungulia, akachota kidogo kwa kidole na kulamba. Hakuwa na haraka. "Nafula," akasema. "Alikuwa na jino la juu limepanda jingine?"

"Mama anasema hivyo," Nekoye akanong'ona. "Hata mimi ninalo."

"Nimeliona. Huyo si wetu. Wale walikuwa ng'ambo ya mto. Tulichota maji pamoja na kupigana pamoja, lakini damu, hapana. Oaneni."

Patroba akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alijifuta uso kwa mikono miwili. "Una hakika?"

"Ninayo tangu Jumamosi ya kwanza. Ulipotaja jina tu, nilijua."

"Jumamosi ya kwanza?" Patroba akasimama tena. "Kukhu! Nimekuja hapa miezi miwili! Kila wiki unaniambia mara bado unakumbuka, mara lete sukari! Huyu ameniacha kwa sababu yako!"

Kukhu hakumtazama. Mkono wake ulikuwa shingoni mwa mbwa, vidole vimezama kwenye manyoya. "Phoebe anatokanga asubuhi, anarudi amechoka, analala. Mchana kutwa niko na huu ukuta. Nikikuambia siku ile ya kwanza, ungerudi ya pili?"

Patroba akatazama viatu vyake. Jibu lilikuwa hapana, na wote watatu walilijua.

Nekoye alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika: wiki mbili za kulia si mchezo. Lakini alimtazama bibi yule, na bakuli la maji lililosuguliwa mpaka likang'aa likimngojea mbwa wa watu, akashindwa kuishikilia hasira yenyewe. Akajifuta pua kwa ukosi wa gauni.

"Mama Mbwa," Patroba akasema kwa sauti ndogo. "Niwatume wazee Lugari?"

"Watume. Na waende na kuku."

"Wangapi?"

"Wewe anza na mmoja mzima, ambaye hajaonjwa."

Patroba akacheka, cheko lile lile la sokoni, akamshika mkono mbele ya Kukhu bila haya. Kukhu akajifanya anatafuta kiroboto kwenye sikio la Kanali.

"Na huyu," akauliza, bado hajainua macho, "mkishaoana atatembezwa njia gani?"

Nekoye alichuchumaa kando yake. "Sheria yangu, Kukhu, mbwa hasimami kwa lango la mtu."

"Nimesikia. Patroba aliniambia."

"Lakini hapa ameshapaandika. Siwezi kupafuta tena." Akaufungua mnyororo shingoni mwa Kanali, akauning'iniza kwenye msumari ukutani. "Kila Jumamosi. Akija na Patroba, akija na mimi, atakuja."

Kisha akachukua ile pakiti ya sukari, akaingia jikoni kupika chai.

"Vijiko vinne!" Kukhu akaita kutoka uani.