Mifuko Mitano Nyuma ya Mlango

Kavugho alikuwa mtu wa kutaka kujua. Chungu cha jirani kikichemka, alitaka kujua kinapika nini. Mtu akipita na furushi, macho yake yalilifuata furushi mpaka kona ya njia. Basi fikiria mateso yake. Kwa miezi minne alikuwa akiiona mifuko mitano nyumbani kwa Orpa, na hakujua ndani yake mna nini.

Orpa alikuwa jirani yake hapo Butembo. Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, tena mtu wa maneno machache. Yeye na familia yake walikuwa wamekimbia vita upande wa Bunia, Ituri, wakaja kupanga nyumba ya pili kutoka kwa Kavugho. Mifuko yenyewe ilining'inia kwenye misumari nyuma ya mlango wake. Mitatu ilikuwa midogo, miwili mikubwa kidogo. Hakuna aliyeigusa. Kavugho alipokwenda kuomba chumvi, aliitazama. Alipokwenda kurudisha chumvi, aliitazama tena. Kuuliza aliona haya.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2001. Shule zilikuwa zimefungwa, na nyumbani kwa Kavugho neno lilikuwa moja tu: vakansi, yaani likizo. Familia nzima ilikuwa inakwenda Eringeti kwa Koko Kavira, mama wa mume wake, Stanislas. Bibi huyo alikuwa hajamwona Sophie, mtoto wao wa mwisho, tangu alipokuwa mchanga. Kila mara alituma ujumbe: "Muniletee Sophie."

Sophie alikuwa na miaka saba. Alikuwa na kifafa. Miaka miwili nyuma alianguka karibu na mafiga, na mkono wake wa kushoto ukaungua. Kovu lake bado lilionekana. Lakini tangu Orpa amwanzishie dawa, kidonge kimoja kila jioni, Sophie hakuwa ameanguka hata mara moja. Kavugho alifurahia safari, na aliiogopa pia. Kwa Koko kuna moto mkubwa jikoni. Mtoto akianguka kule, nani atamwahi?

Stanislas hakuogopa kitu. Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo kwenye depo ya wafanyabiashara. Alijua kufunga balo, yaani gunia kubwa lililojazwa likashonwa mdomo kwa sindano ndefu na kamba. Balo yake haikupasuka njiani. Asubuhi ya siku ya kufungasha, aliwapanga watu wa nyumba yake kama wafanyakazi wa depo.

"Leteni manguo yote hapa," alisema. "Manguo kwa manguo, biatu kwa biatu, bya kula kwa bya kula. Ni njo organisation, ni njo mupango."

Joyeuse, binti yake wa miaka kumi na mitatu, alileta nguo. Éphraïm wa miaka tisa alileta viatu. Kavugho alileta sufuria, vikombe, na zawadi za Koko: chumvi na miti mirefu ya sabuni. Kwa mama mkwe mtu haendi mikono mitupu. Stanislas alishindilia kila kitu. Penye nafasi ndogo alichomeka kitu kidogo. Hakupenda nafasi tupu. Depo ilikuwa imemfundisha hivyo.

Saa sita, balo tatu zilikuwa zimesimama uani, zimeshonwa. Zilipendeza kweli. Stanislas alizizunguka kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Hapo ndipo Orpa alipoingia, ameshika karatasi mkononi.

"Mama Joyeuse, nimeandika barua ya Sophie," alisema. "Inaonyesha ugonjwa na dawa yake. Kama kuna shida, muonyeshe munganga wa ospitali ya kule. Na dawa yenyewe iko wapi?"

Kavugho alimtazama Stanislas. Stanislas alizitazama balo.

"Iko mu balo," alisema.

"Balo gani?"

"Ya manguo. Nafikiri."

Alikata kamba za balo ya nguo. Akatoa nguo zote. Dawa haikuwemo. Akakata balo ya chakula na zawadi. Sabuni zikaviringika uani, dawa haikuonekana. Katika balo ya tatu, ndani ya kiatu chake mwenyewe cha Jumapili, alikuta kikopo cha vidonge. Kilikuwa kimeziba nafasi vizuri sana.

Kavugho alicheka. Halafu kicheko kilimwishia, maana aliona jinsi mambo yangekuwa njiani, jioni, mtoto anasubiri kidonge chake.

Orpa hakucheka. Alisema, "Tufanye kamuchezo kidogo. Simameni wote. Fikirieni muko mu kamio, ile lori ya kesho. Kamio inasimama. Mutu anawaambia: shukeni, mutembee. Balo inabaki juu. Sasa kila mutu aonyeshe kitu iko nayo mu mikono."

Joyeuse alionyesha mikono mitupu. Éphraïm alionyesha mpira wake wa majani ya migomba. Sophie alionyesha kipande cha muhogo, tena alikuwa amekwisha kukiuma. Stanislas alifungua kiganja. Alikuwa na sindano ya kushonea magunia.

"Papa atatushonea," alisema Joyeuse, na hapo hata baba mtu alitabasamu. Lakini hakukubali upesi.

"Lakini Mama Orpa, siye hapana kukimbia. Tunaenda ku vakansi."

"Ninajua, Papa Joyeuse. Hata miye siku moja nilitoka na valizi moja, sanduku kubwa, ya batu batano. Kila kitu yetu ilikuwa mule. Bunia mpaka huku ni mbali. Nilichoka, nikaiacha mu njia. Siye wote batano tukabakia bila kitu, hata nguo ya kufunika mutoto." Aliokota sabuni moja uani. "Balo ni muzuri kwa mali. Sabuni na sabuni, hakuna shida. Sabuni haiwezi kupotezana na mama yake. Batu unawafungia mufuko, mutu kwa mutu."

Kavugho hakuweza kuvumilia tena.

"Mama Orpa, ni njo ile mifuko yako?"

"Kuya uone," alisema Orpa.

Walikwenda wote. Orpa alitungua mfuko mmoja mdogo na kuufungua juu ya kitanda. Baada ya miezi minne, Kavugho alikuwa anaona ndani. Palikuwa na nguo moja ya kubadili na kipande cha kitenge cha kujifunika. Palikuwa na chupa ya maji, karanga za kukaanga na kipande cha sabuni. Ndani ya mfuko, kwenye kitambaa kilichoshonwa, paliandikwa jina la mtoto, la baba, la mama, na mtaa wao.

"Na ule mukubwa?" aliuliza Kavugho.

Wa mama ulikuwa na vitu hivyohivyo. Zaidi, ulikuwa na karatasi za kuzaliwa na kadi za chanjo, zimefungwa ndani ya sashe ya nailoni ili maji yasiingie. Kavugho aligusa kila kitu, akanusa hata sabuni. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyelipwa deni la siku nyingi.

"Kila mutoto anajua mufuko yake," alisema Orpa. "Anaweza kuibeba yeye mwenyewe. Kama ni nzito, unapunguza. Na nguo ya rangi ya basoda, baaskari, hapana kubeba. Mu barieri, pale banafunga njia, itawaletea maneno."

Walirudi nyumbani na kuanza upya. Joyeuse alishona majina. Éphraïm alitaka kubeba mpira wake, akaruhusiwa, kwa sharti aubebe mwenyewe. Kavugho aliukata mti mmoja wa sabuni vipande vitano na kuweka kipande katika kila mfuko. Akamimina chumvi kidogo katika sashe tano. Vilivyobaki vilirudi ndani ya balo, na Stanislas akashona tena.

Ilibaki dawa. Orpa alihesabu.

"Muko kule siku makumi tatu. Ninawapatia bidonge makumi ine. Njia inaweza kuchelewa, na dawa hii haikatwe hata siku moja. Ukikatisha ghafula, mutoto ataanguka kuliko zamani."

"Niweke yote mu poshi yangu ya suruali," alisema Stanislas. "Miye njo baba."

"Na kama baba hayuko?"

Orpa aligawa vidonge mafungu mawili: ishirini kwa baba, ishirini kwa mama.

"Na akianguka mu njia?" aliuliza Joyeuse.

"Unaondoa moto na mawe karibu yake. Unamulalisha kwa ubavu. Mu kinywa hapana kutia kitu, hata kijiko. Unamungojea mpaka arudie akili yake. Na usiogope kumugusa, kifafa haiambukize mutu."

Kesho yake walipanda lori la Ézéchias, dereva waliyemfahamu. Balo zilikuwa chini, watu juu, na kila mtu na mfuko wake mgongoni. Watu wengine waliwatazama. Mama mmoja aliuliza kama ni watoto wa shule. Walipita Kalunguta, wakafika Beni mchana, wakaendelea kuelekea kaskazini.

Mbele kidogo ya Beni, askari walisimamisha lori.

"Wote mushuke," alisema mkubwa wao. "Kamio inafanya kazi yetu leo. Banaume watano, bakuye kubeba."

Alinyoosha kidole. Stanislas alikuwa wa tatu. Alimgeukia Kavugho, akafungua mdomo aseme kitu, lakini askari alimsukuma begani. Lori likageuzwa. Liliondoka na balo tatu, na Ézéchias, na Stanislas.

Kavugho alisimama barabarani na watoto watatu. Alitaka kulia, akaona macho ya Éphraïm, akaacha.

"Tembeeni," alisema. "Polepole. Kila mutu na mufuko yake."

Walifika kwenye kanisa dogo la kijiji jua likiwa linashuka. Watu wengi waliotoka katika lori walikuwa hapo, wamekaa chini, hawana hata kikombe. Joyeuse aligawa karanga, na watoto wa wengine walipata pia. Kavugho alimketisha Sophie, akafungua mfuko, akatoa kidonge.

"Papa ameenda na dawa yangu?" aliuliza Sophie.

"Ameenda na yake. Yako ni hii."

Sophie alimeza kwa maji ya chupa, akajifunika kitenge chake, akalala.

Siku ya pili walingoja. Kavugho alitazama njia mpaka macho yakauma. Alitaka kujua jambo moja tu, na hapakuwa na jirani wa kumwuliza. Jioni Sophie alimeza kidonge cha pili. Alikuwa bado ameshika chupa wakati mtu alipotokea njiani, anachechemea, shati limechanika begani, mfuko bado mgongoni. Alikuwa Stanislas. Askari walikuwa wamewabebesha mizigo siku nzima, halafu wakawaacha.

Hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Sophie, akapiga magoti, akatoa kikopo mfukoni.

"Mutoto wangu, siku mbili. Siku mbili haukunywa dawa."

"Nilikunywa, papa," alisema Sophie. "Ile ya mama. Yako ni ya nyuma, ya mama ikiisha."

Stanislas alikaa chini. Alijifuta uso kwa shati, na Kavugho akaona kwamba hakuwa anafuta jasho.

Walifika Eringeti siku ya nne kwa miguu. Koko Kavira aliwatazama mmoja mmoja. Kisha Sophie alifungua mfuko wake, akampa kipande cha sabuni na sashe ya chumvi. Éphraïm akatoa vyake. Joyeuse akatoa vyake, wazazi wakatoa vyao. Koko aliviweka pamoja mapajani, vipande vitano, chumvi tano.

"Hii sabuni mumeikata na shoka?" aliuliza, na kicheko kikaanza.

Balo mbili zililetwa na Ézéchias siku ya tisa. Ya tatu, ile ya viatu, haikuonekana tena. Mwezi mzima Sophie alikula, akacheza, akamsaidia Koko kumenya maharage mbali kidogo na moto. Hakuanguka.

Mwezi wa Septemba, Butembo, Stanislas alipigilia misumari mitano nyuma ya mlango. Wiki moja baadaye alikuja Tamar, jirani aliyehamia karibuni, kuomba chumvi. Alipewa chumvi, lakini hakuondoka. Aliuliza habari za mvua. Aliuliza habari za maharage. Macho yake yalikuwa nyuma ya mlango.

Kavugho aliyajua macho hayo vizuri sana. Alivuta kiti.

"Ikala, Mama Tamar. Usijitese. Sophie, muonyeshe."

Sophie alitungua mfuko wake mwenyewe, akaufungua mapajani, na kitu cha kwanza alichotoa kilikuwa kikopo cha dawa.

"Hii," alisema, "inakaa juu ya bingine byote."