Kuzoea na Kuzoeza

Kila jioni Akoru aliporudi kutoka shuleni alimkuta bibi yake amekaa mlangoni, kikapu kisichokwisha kiko mapajani, macho yako njiani. Mwaka uliotangulia asingemkuta hapo hata kwa bahati. Saa kama hiyo wangekuwa wote wawili kando ya mto Tarach wakikata majani ya mkoma ya kusukia vikapu. Bibi angekuwa mbele, na Akoru nyuma akikimbia, kwa maana hatua za ajuza huyo hazikuwa na mchezo.

Akoru alimwita Ata, kama watoto wa Kiturkana wanavyowaita bibi zao. Ata alikuwa mtembezi tangu utoto. Aliwahi kuswaga mbuzi za baba yake kutoka Kerio hadi Lodwar, na baada ya kuolewa akatembea hadi Kakuma, walikoishi sasa, wakati ilipokuwa maduka machache na vumbi jingi. Walipokwenda mtoni alimwonyesha mjukuu wake kila mahali penye habari. Hapa ngamia wa babu yako alikataa kuamka. Pale mama yako nusura azaliwe njiani. Akoru alikuwa amezisikia habari hizo mpaka akazijua zote, na sasa alizitamani kama maji ya kunywa.

Kisigino ndicho kilichoharibu mambo. Ata alipoamka na kukanyaga chini, maumivu yalimchoma chini ya kisigino cha kulia hata akashika ukuta. Yakipungua mchana, jioni yalirudi. Safari za mtoni zilikoma, na vikapu vikaanza kukosa majani.

Mjomba Lomenen, mwana wa kwanza wa Ata, aliishi Lodwar. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yote alikuwa ameshayaamua.

"Mama atakuja kukaa kwangu," alisema. "Lodwar kila kitu iko karibu. Hata kutembea hatatembea tena. Kama mguu haijapona shule zikifungwa, nakuja na gari."

Alisema kwa upendo, lakini Akoru alilia usiku huo. Nyumba bila Ata aliiona kama nyumba bila paa.

Lakini kwanza Mjomba aliwachukua wakamwone Bi. Athieng, mtaalamu wa viungo kwenye kliniki moja ya Lodwar. Bi. Athieng alizaliwa Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na Kiswahili chake kilikuwa safi, ila Kiturkana hakukijua zaidi ya kusalimu "Ejoka!" Mjomba alikuwa amerudi kazini. Muuguzi mmoja Mturkana akataka kuwatafsiria.

"Mimi ninaweza," Akoru aliharakisha kusema. Darasani aliongoza katika Kiswahili, na hakupenda jambo hilo lisahaulike.

Bi. Athieng alimsimamisha Ata juu ya karatasi, akachora nyayo zake kwa kalamu. Unyayo wa kulia ulikuwa mpana kuliko wa kushoto. Kisha akaomba kuona viatu vyake. Vilikuwa akala, viatu vya tairi la gari, vilivyoisha kisigino na kuwa bapa kama chapati.

"Miguu hii imefanya kazi kubwa," alisema. "Chini ya unyayo kuna mshipa mgumu unaovutwa kila anapokanyaga. Mwili umezeeka na kiatu hakimsaidii."

Akamletea viatu vya wazi vyenye mikanda miwili. Soli yake ya ndani ilitengenezwa kwa gome la mti, laini na jepesi, lile lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Haikuwa bapa. Nyuma ilikuwa na kishimo cha kukalia kisigino, na katikati, upande wa ndani, ilikuwa na kituta. Bi. Athieng alihakikisha kisigino kimeingia kishimoni, vidole vina nafasi ya kujinyoosha mbele, kisha akalegeza mikanda ya kiatu cha kulia ili unyayo mpana usibanwe.

"Kituta hiki kinaubeba unyayo, uzito usiangukie kisigino peke yake," alisema. "Mwanzoni ataona kama amekanyaga jiwe. Mwambie avizoee polepole. Leo avivae kidogo, kesho azidishe. Na kila asubuhi anyooshe misuli ya nyuma ya mguu kabla ya kusimama."

Maneno yalikuwa mengi, na Akoru hakutaka kuonekana anauliza uliza. Akamgeukia Ata na kumwambia kwa Kiturkana yale aliyoyashika. Alipofika kwenye viatu, alisema, "Anasema uvizoeze polepole."

Ata akacheka kidogo. "Anifundishe mimi kuzoeza viatu?"

Kuzoeza akala Ata alikujua vizuri mno. Akala mpya hutoka zikiwa zimepinda kama tairi, hivyo huloweshwa majini, kisha hukandamizwa kwa mawe juani mpaka zinyooke. Walipofika Kakuma, Ata alivitia viatu vipya ndani ya beseni la maji. Asubuhi akaviweka juani, akachagua mawe mawili mazito na kuyalaza juu ya vile vituta. Akoru ndiye aliyembebea mawe. Ata aliimba wimbo wa mbuzi wa ujanani mwake, na kwa siku hiyo moja nyumba ilifanana na zamani. Akoru alifurahi sana.

Furaha haikudumu. Soli ilipasuka, kituta kikalala, ukingo ukaanza kumeguka kama mkate mkavu. Ata alivivaa hivyo hivyo, na kabla ya wiki kwisha kisigino kiliuma kuliko mwanzo.

"Viatu vya hospitali haviniwezi," alisema, akavitupa pembeni. "Mwambieni Lomenen alete gari."

Mama yake Akoru alianza kukunja nguo za Ata moja moja na kuzipanga ndani ya sanduku. Akoru hakuweza kutazama. Alivichukua vile viatu, akaenda mbio hadi sokoni kwa Déo, fundi viatu Mkongo aliyekuwa na kibanda karibu na kambi.

Déo alivigeuza mkononi, akanusa, akaguna.

"Eh, mtoto! Ni nani alipikaka hii biatu?"

"Hatukuvipika. Tulivilowesha, tukaviwekea mawe juani. Daktari alisema tuvizoeze."

"Mawe!" Déo alishika kichwa. "Hii ndani ni liège, gome ya muti. Haipende maji mingi, haipende jua. Iko inapata joto ya muguu, inakamata sura ya muguu polepole. Na muguu nayo inaizoea. Daktari alisema muzoeze, ao mama azoee?"

Sauti ya Bi. Athieng ilimrudia Akoru waziwazi: avizoee. Herufi moja tu, na kwa herufi hiyo Ata alikuwa akifungiwa sanduku. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alirudi nyumbani akahema mbele ya Ata na mama yake. "Ata, viatu havina kosa. Mimi nilikosea kutafsiri. Na sikuuliza kwa sababu nilitaka nionekane najua."

Ata akasema, "Basi mpigie huyo daktari. Safari hii uulize."

Walipiga simu. Akoru alitafsiri sentensi moja baada ya nyingine, na mara tatu alisema, "Samahani, rudia hapo, sijaelewa." Hakuna aliyemcheka. Bi. Athieng alituma soli nyingine za gome kwa basi la Lodwar, na Déo akazibandika kwa gundi, akarudisha mikanda kama ilivyokuwa.

Siku ya kwanza Ata alivivaa wakati wa chai tu, akilalamika kuwa amekanyaga yai. Siku zilizofuata alivivaa akipika, halafu hadi kisimani. Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, alizungusha leso kwenye unyayo na kuuvuta kuelekea kwake, huku Akoru akimsimamia kama mwalimu mkali. Maumivu hayakukimbia mara moja. Yalipungua polepole, mpaka asubuhi moja Ata alisimama na kusahau kushika ukuta.

Shule zilipofungwa, Mjomba Lomenen alifika na gari. Alikuta mlango umefungwa, na sanduku tupu limewekwa nje. Akawangoja kivulini mpaka alipowaona wakitoka upande wa Tarach, kila mmoja na mzigo wa majani ya mkoma kichwani. Ata alikuwa mbele.

"Mama! Mguu iko aje?" Mjomba aliuliza.

"Mguu unatembea," Ata alijibu, akatua mzigo. Kisha akamwekea Akoru mkono begani. "Huyu alinipotezea viatu kwa kujifanya anajua, akanirudishia miguu kwa kukubali kuwa hajui. Akoru, usilolielewa uliza, hata mbele ya daktari. Aibu ya kuuliza inapita upesi. Mimi nilikuwa karibu kuhama nyumba kwa sababu yako."

Mjomba alilitazama gari lake, akamtazama mama yake. "Sasa mimi nimekuja bure?"

"Bure kwa nini?" Ata alisema. "Shika kisu, kaa chini, utusaidie kupasua majani."