Kompyuta ya Lusaka na Majibu ya Régine

Kila asubuhi kabla ya shule, Régine alimsaidia mama yake, Suzanne, kugeuza samaki kwenye vichanja vya kukaushia, ufukweni mwa ziwa huko Nchelenge. Jumatano moja ya mwaka 1974, samaki wawili walimponyoka wakaanguka mchangani.

“Mutoto, uko na homa?” mama aliuliza.

“Hapana, mama.”

Ilikuwa hofu. Jana yake, katika mtihani wa majaribio wa darasa la saba, alichungulia karatasi ya jirani yake Katongo, akanakili majibu kumi na mawili. Karatasi zilipokwisha kukusanywa, Mwalimu Kafula akatangaza kwamba zingesahihishwa na kompyuta huko Lusaka. Wanafunzi wakanong'onezana kuwa mashine hiyo humtambua mwizi kwa alama za penseli yake.

Siku hiyo mwalimu aliwaeleza kompyuta ni nini. “Za kwanza zilijaa chumba kizima,” alisema. “Zilitumia maelfu ya taa za kioo, zilizopata joto kali na kuungua mara kwa mara. Kizazi cha pili kikatumia transista, kama zilizomo katika redio zenu. Cha tatu kikaunganisha transista nyingi katika kipande kimoja kidogo. Sasa kinaanza cha nne: kazi ya chumba kile inafanywa na kipande kisichozidi ukucha.”

Régine alinyoosha mkono. “Mwalimu, inamjua aliyenakili?”

“Haijui kitu. Inahesabu alama mlizoweka tu. Ukiipa uongo, itahesabu uongo, tena haraka.”

Régine akashusha pumzi. Lakini mwalimu aliendelea: “Baadaye watu huzipitia karatasi. Mbili zikifanana hata makosa, hufutwa zote mbili.”

Régine alimtazama Katongo, aliyekuwa akichora transista daftarini bila wasiwasi wowote. Karatasi yake nayo ingefutwa, bila kosa lake.

Baada ya masomo alimkuta mwalimu ofisini akifunga kamba bahasha ya karatasi za mtihani. Basi la Mansa, ambalo lingeibeba kuelekea Lusaka, lilikuwa linakaribia kuondoka.

“Mwalimu, usiifunge. Nilinakili kwa Katongo. Yeye hakujua.”

Régine alidhani angefukuzwa shule. Kisha mwalimu akafungua kamba na kuitoa karatasi ya Régine.

“Jumamosi utafanya mtihani mwingine, peke yako. Na Katongo utamwambia wewe mwenyewe.”

Alimwambia. Katongo alikasirika, akahama dawati. Jumatatu, baada ya Régine kumwomba radhi mara ya pili, alirudi kukaa naye.

Mtihani wa Jumamosi mwalimu aliusahihisha mwenyewe. Régine alipata thelathini na moja kati ya hamsini.

“Si nyingi,” alisema mwalimu, “lakini zinatuonyesha ni wapi pa kukufundisha. Mashine zitazidi kuwa ndogo na za haraka, mwanangu. Hakuna itakayokuwa mwaminifu kwa niaba yako.”