Diski Iliyokataa Kupona

Bibie ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amepakatwa na baba yake mbele ya kompyuta, jua la jioni likiwa bado dirishani, wakitazama ile video aliyoipenda kuliko zote: mama yake anaanika nguo uani, anabana shuka jeupe kwenye kamba, halafu anageuka, anacheka na kusema, "Baba Bibie, acha kunipiga picha, njoo ushike beseni."

"Baba," mtoto akasema, "mbona leo mama hageuki?"

Kweli hakugeuka. Alibana shuka, akabaki analitazama, amempa mgongo mwenye kamera, mpaka picha ikakatikakatika vipande vya rangi na kompyuta ikaandika kwamba diski ya pili imeharibika, itengenezwe.

"Mama amechoka," baba akajibu. "Kesho atageuka."

Mtu huyu alikuwa mhariri wa video za harusi, na chumba cha nyumba yake kinachotazama uani ndicho kilichokuwa ofisi. Diski ya kwanza ilibeba riziki yake. Ya pili ilimbeba mkewe. Mama Bibie alifariki mtoto angali ananyonya, na sauti yake haikuwa mahali pengine popote ila humo. Wateja aliwahubiria kila siku waweke nakala mbili, tatu. Yeye mwenyewe alikuwa na moja. Angenakili wiki ijayo, na sote tunaijua wiki hiyo.

Programu ya matengenezo ikapita, ikaokota vipande vilivyopotea, ikavirundika kwenye folda yake, ikasema kila kitu ni salama. Mama akageuka tena, akacheka tena. Siku chache baadaye diski ikaharibika upya.

Akabadilisha waya. Akahamishia diski kwenye tundu jingine. Akashuku umeme, akanunua pawasaplai mpya. Akapima joto, akasaka virusi. Vipimo vyote vilisema diski ni nzima, kama mgonjwa anayeambiwa na daktari hana tatizo, kisha anaanguka mlangoni kwake. Na kila alipoitengeneza, ile folda ya vipande ilizidi kujaa.

Akaifungua.

Ua ulikuwa uleule, na shuka lilelile. Lakini chini ya pindo la shuka palikuwa na miguu miwili, imelowa, vidole vimeelekea kwenye kamera. Katika kipande kilichofuata shuka lilikuwa limetuna, kama limeegemewa na uso kwa nyuma. Katika vingine mkewe ameacha kuanika, amesimama mbele ya shuka, mikono ameitanua. Halafu anakuja mbio, kiganja chake kinaziba kamera, na hapo ndipo picha inapovunjika, kila mara hapohapo.

"Funga hicho kitu, shemeji."

Mdogo wake marehemu alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameikaza kifuani kwa ngumi. Tangu msiba alihamia pale kumlea Bibie.

"Umeiona miguu?"

"Nimeiona. Na harufu umeisikia?"

Aliisikia. Harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni, nzito, ikitoka kwenye mashine iliyokuwa kavu na ya moto.

"Kuna jambo sikukwambia," shemeji akasema, karibu kwa kunong'ona. "Siku ile ya kufua, ya hiyo video, dada alinipigia simu. Akaniuliza, umeingia saa ngapi, mbona unajificha? Anasema nimemwita nyuma ya shuka, kwa sauti yangu, akaitika, akafunua, hakuna mtu. Na mimi nilikuwa safarini. Wiki ileile akaanza kuumwa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ungeniambia natafuta mchawi msibani." Akaionyesha mashine kwa kidole. "Tuitupe hiyo diski."

"Nikiitupa, Bibie atamjua mama yake kwa kipi? Picha ya kitambulisho?"

Shemeji naye, akiwa peke yake ndani, alikuwa akija kukaa pale na kusikiliza kile kicheko.

Basi akaitwa Nyaya, fundi wa kompyuta, rafiki wa miaka mingi, mtu mnene wa maneno mengi. Alifika mchana na diski mpya mfukoni.

"Jini? Ndugu yangu, majini yana kazi nyingi, hayana muda wa kutazama watu wakifua. Hii ina sehemu mbovu tu. Nina programu inanakili kila kitu kwenda diski mpya, na pale penye pengo inajaza kwa vile vipande vilivyookotwa. Haiachi tundu la kupitisha hata sindano."

Akaing'oa ile ya zamani, akaiweka mezani, akainama kutafuta bisibisi. Ikaanza kugonga. Tik. Tik. Tik, taratibu, kama bomba linalovuja.

"Umeiunganisha?" Nyaya akauliza, kichwa bado kiko chini ya meza.

"Waya unao wewe mkononi."

Nyaya akautazama waya. Hakutania tena. Lakini fundi akishafungua kazi huona aibu kuinuka, akaunganisha, akaanzisha, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Harufu ya nguo mbichi ikajaa chumba. Mstari ulipokaribia mwisho, spika zikakwaruza, na sauti ikatoka, hafifu, imekatikakatika.

"Jirani."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Yeye na Baba Bibie walikulia nyumba za ukuta mmoja, na jina hilo mkewe alimwita mlango ukiwa umefungwa tu. Mbele ya watu, na mbele ya kamera, alikuwa Baba Bibie. Hapakuwa na video hata moja yenye jina hilo.

"Jirani, acha. Mimi ndiye ninayeivunja. Nikiivunja, hapiti."

Ndipo akaelewa kwamba kile kiganja hakikuwa cha mtu anayeomba kutolewa bali cha mtu anayefunga mlango, kwamba jioni baada ya jioni mkewe aliufunga kwa nguvu zote alizobakiwa nazo huko aliko, na yeye, kwa mapenzi yake na ufundi wake, kila mara aliufungua, akamwondoa pale aliposimama, akakisogeza kile cha nyuma ya shuka hatua moja zaidi, na sasa kilichobaki ni kuuvuta waya tu. Mkono wake ukafika kwenye waya. Ukaushika. Lakini jina lile hakuwa amelisikia tangu azike, akangoja kidogo, aitwe mara moja tu nyingine.

Mstari wa kijani ukafika mwisho.

"Imekwisha," Nyaya akasema, akijifuta jasho. "Nzima kabisa. Hakuna kosa hata moja." Akaifungua ile video kuijaribu.

Bibie alisikia, akaja mbio kutoka jikoni, akapanda mapajani. Picha ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa. Mama akabana shuka, akageuka, akacheka. Mtoto akapiga makofi. Baba yake alikuwa akitazama chini ya pindo la shuka. Hapakuwa na miguu. Shuka lilining'inia bapa, limekauka, na nyuma yake hapakuwa na mtu tena.

"Shemeji," mdogo wa marehemu akaita kutoka mlango wa uani, kwa sauti ndogo sana. "Nani amefua leo?"

Hakuna aliyefua. Mabomba yalikuwa makavu tangu asubuhi. Lakini nje ya dirisha, kwenye kamba ya uani, shuka jeupe lilikuwa likichuruzika maji, na upepo haukuwepo, nalo lilikuwa linatikisika.

"Baba Bibie," sauti ikaita nyuma ya shuka, ileile ya mkewe, kwa kicheko kilekile. "Njoo ushike beseni."

"Mama," Bibie akasema, akateremka.

Baba yake akamdaka gauni. "Niite jina langu," akaliambia dirisha. "Lile la ndani. Niite."

Kikajibu kicheko tu.

"Baba Bibie," ikarudia, karibu zaidi.

Akaigeukia kompyuta, akaomba ivunjike, akaomba kiganja kije. Diski mpya ilizunguka, laini, bila kosa.