Jiwe Juu ya Ngano Mbichi

Kila asubuhi Mzee Geng hula mikate miwili ya mvuke na bakuli la uji wa mawele, kisha huenda kuitazama ngano. Hutembea polepole, mikono nyuma. Akikutana na mtu humwuliza, "Umeiona ngano yangu?"

Mwaka ule ilikuwa ya kuonwa kweli. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa umeanza, baridi bado haijafika, na ngano imeshamfika nusu ya muundi. Sisi watu wa uwanda huu tuna ugonjwa mmoja: tunapenda kushindana kwa ukijani. Mwenye shamba la kijani zaidi kabla ya baridi hutembea kifua mbele.

Lakini mke wa mwanawe, Suyun, hakuwa na raha. Mwaka uliotangulia ngano ilikuwa hivyohivyo, nzuri ajabu. Baridi ilipokuja, ikaungua. Mumewe, Laishun, akaenda mjini kufanya kazi ya ujenzi. Aliporudi, binti yao Yanyan alijificha nyuma ya mama yake na kuuliza, "Huyu ni nani?" Laishun alicheka, lakini usiku ule hakula.

"Mama Yanyan," alimwambia mkewe sasa, "ngano ikiharibika tena, sina njia. Baada ya mwaka mpya narudi mjengoni."

"Haitaharibika," Mzee Geng alisema. "Mwaka jana tuliuziwa mbegu mbovu. Safari hii nimebadilisha."

Siku chache baadaye bibi shamba wa kata, Ning Caixia, alipita kwa pikipiki yake ya umeme. Alisimama pembeni mwa shamba, walipokuwa mzee, Laishun na Suyun, akainama.

"Umekuja kuipiga picha?" Mzee Geng alimwuliza.

"Nimekuja kukuharibia siku, Baba Mkubwa. Ngano hii imekua mno."

"Tangu lini kukua kukawa kosa?"

Caixia aling'oa mche mmoja, akaupasua shina kwa ukucha. "Tazama hapa ndani. Hiki cheupe ndicho kitakachokuwa suke. Kinatakiwa kilale chini, karibu na udongo, mpaka baridi ipite. Hiki chako kimeshaanza kupanda juu. Baridi kali ikikikuta huku juu, kinakufa."

"Nimepanda siku ileile aliyopanda marehemu baba yangu. Mchana na usiku vikilingana, ngano iwe ardhini. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na alifanya vizuri, kwa sababu zamani baridi iliwahi. Siku hizi inachelewa. Ngano inapata joto siku nyingi mno, inamaliza nguvu zake kwenye majani. Mbegu haina hatia."

Suyun alikohoa kidogo. "Na yule mwenye duka la mbegu, Baba, ulimtukana mpaka akafunga mlango."

Mzee alitazama pembeni. Laishun akauliza, "Sasa tufanyeje? Hatuwezi kuirudisha ardhini."

"Ibaneni. Chukueni lile jiwe lenu la kuviringisha, la kushindilia udongo, mlipitishe juu yake mchana, jua likiwa limewaka na majani yamekauka. Msipitishe asubuhi, majani yakiwa na barafu, yatavunjika. Jiwe litaipunguza kasi, na nyufa za udongo zitaziba, upepo wa baridi usifike kwenye mizizi. Halafu mwagilieni, wakati maji yanaganda usiku na kuyeyuka mchana. Udongo wenye maji haupoi upesi."

"Nipitishe jiwe juu ya chakula changu?" Mzee Geng alisema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Laishun. Mimi simo."

Suyun alimmiminia chai kutoka kwenye chupa. "Na mkuu asiyesikia, Baba, yeye huvunjika nini?"

Mzee aliiacha chai. Alirudi nyumbani, akafunga lango.

 Laishun alimpenda baba yake na kumwogopa pia. Lakini alimkumbuka mtoto aliyejificha, akaenda kulitoa jiwe kwenye nyasi. Mchana ule yeye na Suyun walilivuta kwa trekta dogo, na ngano ikalala chali. Jirani yao Kuang alisimama njiani akicheka.

"Laishun, mmechoka kula unga? Siku hizi mnaponda ngano mbichi?"

"Njoo utusaidie kuponda," Suyun alimjibu.

Maji yalipoanza kuganda usiku, walimwagilia mchana. Kisha baridi ikashuka ghafla kutoka kaskazini, kali kuliko ya mwaka uliopita. Mwaka mpya ukaja, tukala maandazi yetu ya nyama, na Laishun hakusema lolote kuhusu safari. Alikuwa anangoja.

Barafu ilipoyeyuka na udongo ukalegea, shamba la Kuang lilikuwa na mabaka ya manjano, na sehemu nyingine hazikuchipua tena. Kwa akina Geng ncha za majani zilikuwa zimeungua, lakini chini kulikuwa na vichipukizi vipya, vingi. Mzee Geng alichuchumaa akapasua shina kwa ukucha, kama alivyoonyeshwa. Suke dogo lilikuwa zima. Alikaa pale hadi miguu ikafa ganzi, kwa furaha na aibu pamoja.

Walivuna vizuri. Kuang alikuja kuazima jiwe, na hawakumcheka sana.

Mchana na usiku vilipolingana tena, mashine za kupandia zilinguruma kila upande. Mzee Geng alikuwa amekaa juu ya gunia la mbegu, anakunywa chai.

"Mzee, umesahau siku?" watu walimwuliza.

"Siku naijua. Mimi naingoja baridi. Nitapanda baada ya wiki moja, na kwa kuchelewa huko mbegu nitaongeza kidogo."

Simu ya Laishun ililia. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa ujenzi kule mjini, anatafuta watu wa kazi.

"Siji, bosi," Laishun alisema. "Wiki ijayo tunapanda ngano, na baba amesema mashine niendeshe mimi."