Asante Isiyosomwa

Kila siku akitoka shule, Chapu alifanya mambo matatu kwa mfuatano usiobadilika. Alivua sare akaitundika, alikunywa maji vikombe viwili bila kupumua, kisha akavuta mtoto wa meza ya cherehani na kuichukua simu. Jina lake halisi lilikuwa jingine. Wenzake walimwita Chapu tangu darasa la tano, kwa sababu vidole vyake vilidonoa kioo cha simu kama kuku aliyemwagiwa mtama. Jina likamganda, na wateja wakaanza kumwita mama yake Mama Chapu.

Mama Chapu alikuwa fundi wa kushona. Chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa karakana: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, vipande vya vitambaa sakafuni, na kamba kando ya mlango iliyotundikwa nguo zilizokwisha, kila moja na kikaratasi chake kilichobanwa kwa pini. Macho ya mama yalikuwa yamechoshwa na sindano. Mshono aliuona, lakini maandishi madogo ya simu hayakumkubalia. Kwa hiyo wateja wa mtandaoni walikuwa mikononi mwa Chapu.

Chapu ndiye aliyemsajili mama kwenye programu ya mafundi. Alipiga picha za magauni kwenye mwanga wa dirisha, akaandika maneno ya kuvutia, na wateja wakaja. Kila aliyeridhika alitoa nyota, na nyota za Mama Chapu zilikuwa tano kamili.

"Leo kuna watu wangapi huko?" mama aliuliza Jumatatu moja, pini zikiwa mdomoni.

"Kumi na wawili. Wote nimeshawajibu."

"Wote? Hata maji hayajafika tumboni!"

"Ndiyo maana naitwa Chapu, mama."

Mama alicheka nusura ameze pini. Hakujua kwamba Chapu hakuwa amemjibu mtu hata mmoja. Wiki mbili nyuma binti huyo alikuwa amegundua kwamba programu ile inaweza kujibu yenyewe. Unaichagulia neno, unaiandikia jibu, basi. Mteja akiandika "lini", simu inamjibu: "Vuta subira, mpenzi mteja! Kizuri hakitaki haraka." Akiandika "asante", anajibiwa: "Na sisi tunakushukuru! Furaha yako ndiyo furaha yetu. Karibu tena na tena!" Jibu hilo lilifuatwa na maua matatu na kikatuni kinachotabasamu.

Jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Miwani, alikuwa amemuuliza, "Na mtu akiandika jambo ambalo hukulipanga?"

"Watu hawana maneno mengi, wewe. Lini, wapi, asante. Wamemaliza."

Jumatatu hiyo mama alikata uzi wa mwisho wa gauni la samawati, akalibana kikaratasi na kulitundika. "Hili limekwisha. Mwandikie mwenyewe aje alichukue. Alisema ana haraka."

"Sawa, mama," Chapu alijibu. Alikuwa anachagua picha mpya ya kupamba ukurasa. Alisema sawa, na sawa yake ikaishia pale pale.

Jumamosi asubuhi Miwani aliingia bila hodi, akamvuta Chapu nyuma ya nyumba na kumwonyesha simu ya dada yake. Kulikuwa na picha ya mazungumzo ambayo mteja wa gauni la samawati alikuwa ameisambaza.

Jumanne aliandika: "Fundi, gauni litakuwa tayari lini? Ni la mama yangu, yuko hospitalini." Akajibiwa: "Vuta subira, mpenzi mteja! Kizuri hakitaki haraka."

Alhamisi aliandika: "Fundi, nakuomba sana, hali imebadilika. Niambie ni lini." Akajibiwa vile vile.

Ijumaa aliandika: "Asante, fundi. Mama tumemzika leo na gauni la kuazima." Akajibiwa: "Na sisi tunakushukuru! Furaha yako ndiyo furaha yetu. Karibu tena na tena!" Na maua matatu, na kikatuni kinachotabasamu.

Chini yake watu walikuwa wamejazana kama nzi kwenye kidonda. "Asante ya punda ni mateke, asante ya fundi ni maua!" "Fundi, nami nimefiwa, nirushie ua." "Karibu tena na tena? Kwani mtu ana mama wangapi?" Watu ambao hawajawahi kuvaa hata kitambaa cha Mama Chapu walikuwa wanampa nyota moja moja, wakicheka.

Chapu alirudi ndani. Gauni la samawati lilikuwa kwenye kamba tangu Jumatatu, limenyooka, na kikaratasi chake hakijaguswa.

"Mbona simu inatetemeka kama ina homa?" mama aliuliza.

"Matangazo tu, mama."

"Na mteja wa samawati ulimwandikia?"

"Nilimwandikia."

Mchana wanawake wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Hawakueleza sababu. Walisema tu, "Basi, fundi, tutarudi siku nyingine," huku wakitazama mlango. Walipoondoka, mama alichukua sketi aliyoimaliza jana, akaigeuza ndani nje, akaukagua upindo wake kwa muda mrefu. Ulikuwa umenyooka kama rula. Akaufumua wote na kuanza upya.

"Labda mkono wangu umeharibika," alisema taratibu, kama anayezungumza na cherehani. "Mtu hawezi kujijua mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma Chapu kuliko kipigo. Alitaka yaishe, yaishe siku ile ile. Badala ya kusema kweli, alifungua akaunti nyingine kwa jina la kubuni na picha ya waridi, akaandika: "Mimi ni mteja wa fundi huyu wa siku nyingi. Dada huyo ni mwongo. Gauni lilikuwa tayari tangu Jumatatu, ni yeye aliyekataa kwenda kulichukua."

Jumapili upepo ulikuwa umegeuka. Wale wale waliomcheka fundi walimgeukia mfiwa. "Kumbe!" waliandika. "Anatafuta umaarufu kwa maiti ya mama yake." "Mtoto wa namna hii, bora mama kapumzika." Walitafuta picha zake, wakazichora pembe. Mmoja aliandika mahali anapofanya kazi, wengine wakaahidi kumpigia simu huko huko. Nyota za Mama Chapu zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine, na kwa kila iliyorudi Chapu aliigeuza simu kifudifudi.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alijikunyata nyuma ya darasa.

"Ulitaka wamwache mama yako, wamemwacha," alisema Miwani. "Sasa unalia nini?"

"Wamemhamia yule dada. Mimi ndiye waridi."

Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe? Futa basi!"

"Nimeshafuta. Walishaipiga picha, inazunguka bila mimi. Nimewaandikia waache, wananiambia mimi ni ndugu yake. Hakuna anayesikia, Miwani. Hakuna hata mmoja."

Miwani alikaa tu karibu naye mpaka kengele ikalia.

Siku hiyo Chapu aliporudi nyumbani hakuvua sare. Alisimama mbele ya cherehani na begi lake mgongoni.

"Mama, mkono wako haujaharibika. Mimi ndiye niliyeharibu."

Akaeleza yote. Majibu ya simu, gauni ambalo aliagizwa amwandikie mwenyewe akasahau, uongo wa Jumamosi, na lile waridi. Miguu ya mama ilisimama juu ya kanyagio.

"Nisomee tena ile ya Ijumaa."

Chapu akaisoma.

"Gauni la kuazima," mama alirudia. "Na lake liko pale linaning'inia. Nililala saa chache ili liwahi, mwanangu. Nililiwahisha, nikalitundika."

"Nipige, mama."

"Nikikupiga, yule atapona?"

Mama aliinuka, akatia pasi moto, akalipiga pasi gauni la samawati ingawa halikuwa na hata kunyanzi moja.

Kesho yake alimwombea Chapu ruhusa shuleni, wakaenda pamoja kwenye jengo ambamo mteja alifanya kazi. Mlinzi aliwaacha wangojee kwenye ukumbi mwembamba. Kupitia kioo cha mlango Chapu aliona chumba kirefu cha watu waliovaa visikilizio, midomo yao ikienda bila kupumzika. Kila mmoja alikuwa na karatasi iliyobandikwa mbele ya macho yake.

Mteja alitoka wakati wa mapumziko. Alikuwa dada kijana, na visikilizio vilikuwa vimemwachia alama nyekundu juu ya sikio.

"Mmekuja kuniomba nifute?"

"Hapana, dada," alisema mama. "Tumekuja kukupa pole. Na hata kwa hilo tumechelewa."

Chapu alisogea mbele. "Shikamoo. Aliyekujibu hakuwa mama. Ilikuwa simu, na mimi ndiye niliyeifundisha. Sikusoma hata ujumbe wako mmoja. Na yule wa waridi aliyesema wewe ni mwongo, ni mimi pia."

Yule dada alimgeukia. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wenye hasira. Siku nzima nawaambia 'pole kwa usumbufu'. Imeandikwa kwenye karatasi, naisoma." Aligusa ile alama juu ya sikio. "Ijumaa ile niliandika asante kwa uchungu. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie pole ambayo haikuandikwa kwenye karatasi. Na leo asubuhi mtu amepiga hapa, hana shida yoyote ya huduma. Ameniuliza kama mimi ndiye ninayemuuza marehemu mama yangu mtandaoni."

Chapu aliinamisha kichwa.

"Sikusamehe leo," yule dada aliendelea. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na uongo umenitosha."

"Ni haki yako," alisema mama, akampa gauni kwa mikono miwili.

Dada alilikunjua. Akatafuta ubavuni, akaupata mfuko. "Aliitaka mifuko," alisema. "Alisema nguo isiyo na mfuko ni ya watu wanaobebewa." Aliutumbukiza mkono mfukoni hadi kwenye kifundo, akasimama hivyo hivyo mpaka kengele ya kazi ikalia. Kisha akaliweka gauni kwapani na kurudi ndani bila kuaga.

Walipofika nyumbani Chapu aliandika ukweli wote kwenye ukurasa wa mama, bila picha wala maua. Aliandika kwamba gauni lilikuwa tayari lakini mteja hakuambiwa. Aliandika kwamba waridi alikuwa yeye, na mteja hakusema uongo hata kidogo. Akazima mpango wote wa simu kujibu yenyewe.

Waliocheka walikuwa maelfu. Waliosoma ukweli hawakufika hamsini. Mmoja aliandika, "Hizo ni habari za wiki iliyopita," akapita. Wengine walirudi kumtukana mama upya. Siku ya nne yule dada aliusambaza ukweli ule bila kuongeza neno lake, na matusi dhidi yake yakaanza kupungua. Hayakuisha. Nyota za Mama Chapu zilibaki mbili, na kati ya wateja waliochukua vitambaa vyao, mmoja tu ndiye aliyerudi.

"Mama, mbona ukweli hausambai?" Chapu aliuliza.

"Ulipiga bandi, mwanangu. Bandi ni mshono wa haraka, unashikilia kitambaa kwa muda tu. Mtu akitembea nayo, humfumukia mbele za watu. Kuishona upya kunataka muda, na matundu ya sindano ya kwanza hubaki yanaonekana." Mama alitia uzi kwenye sindano mara tatu kabla haujapita. "Sikukatazi simu. Lakini uliwajibu maneno, hukuwajibu watu. Mtu akikuandikia, amekuja mlangoni kwako, hata kama humwoni. Usimfungulie mlango ukiwa umempa mgongo. Na ukimkosea, usimtafutie watu wa kumzomea ili wewe upone. Mwendee."

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mteja yule mmoja aliyerudi. Chapu aliusoma kwa sauti, neno kwa neno: anaulizia sketi ya shule, wiki hii hakuweza kupita kwa kuwa alikuwa hospitalini na mtoto, je, aje lini?

"Nimwambie kesho mchana?" aliuliza Chapu.

"Mwambie kesho mchana," alisema mama. "Lakini kwanza muulize mtoto anaendeleaje."