Kalunde na Zege Lililolowa

Haya, sogeeni karibu. Masikio mbele, vidole vitulie.

Huyu ni Kalunde. Ana pengo la meno mawili, na anaongea kama chiriku.

Mama yake Kalunde ni injinia. Hujenga madaraja. Ana kofia ngumu ya njano na buti kubwa zenye matope.

Bibi yake Kalunde anakaa ng'ambo ya korongo. Korongo lenyewe lina kina, jamani! Ukitupa jiwe, unasubiri, unasubiri... chubwi!

Zamani palikuwa na daraja la magogo. Mvua kubwa ikaja, ikalisomba lote. Sasa Kalunde yuko huku, Bibi yuko kule.

Kila jioni Bibi husimama ukingoni akipunga kanga yake nyekundu.

"Kalundeee!"

"Bibiii!"

"Unakuja liniii?"

"Badooo!"

Leo hakuna daraja. Kesho hakuna daraja. Kalunde hurudi ndani akiburuta miguu.

Basi Mama akaanza kujenga daraja jipya. Fundi Nkwabi akachanganya saruji, mchanga, kokoto na maji. Koroga, koroga, koroga.

Shwaaa! Wakamwaga zege juu ya mbao. Likawa zito kama uji wa dona.

Zege likaanza kuganda. Wakalifunika kwa magunia, kisha wakayamwagilia magunia maji. Chururu, chururu.

"Sasa tunasubiri," Mama akasema. "Hakuna kugusa."

"Ndiyo, Mama."

Kalunde hakuuliza kwa nini. Na Mama, kwa haraka zake, hakumweleza.

Kesho yake Mama alikwenda mjini kuagiza vyuma vya kushikia mikono. Fundi Nkwabi akaenda kula ugali. Jua likawaka. Upepo ukavuma, vuuu.

Kalunde akayaona magunia. Yalikuwa yanachuruzika maji.

"Maskini zege!" akasema. "Umelowa chepechepe. Utaugua wewe!"

Maana Kalunde akilowa mvua, Mama humwambia, "Vua nguo hizo upesi, utapata mafua."

Basi Kalunde akalivua zege magunia yake. Akavuta moja. Akavuta jingine. Akayaanika yote kwenye ua.

Kisha akakaa kando, mikono mapajani, ameridhika kabisa.

"Kauka, zege. Kauka upesi, niende kwa Bibi."

Jua likawaka. Upepo ukavuma, vuuu.

Juu ya zege ukatokea mstari mwembamba kama unywele. Ukatokea mwingine. Mistari ikatembea, ikakutana, ikapanuka.

"Yalaa!" Fundi Nkwabi alikuwa amerudi. "Nani kayatoa magunia?"

"Mimi," Kalunde akasema. "Zege lilikuwa linaona baridi."

Fundi Nkwabi akashika kichwa.

Mama aliporudi alipiga magoti. Akapitisha kidole kwenye ufa. Ukucha wote ukazama.

"Mama Injinia, tuzibe tu juu juu?" Fundi Nkwabi akauliza.

Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Ufa umeingia ndani. Hapa atapita mtu na mtoto mgongoni." Akainuka. "Vunja."

Gwa! Gwa! Gwa!

Kila nyundo ilipopiga, Kalunde aliziba masikio.

Gwa! Gwa! Gwa!

Vipande vya daraja vikaanguka korongoni. Chubwi. Chubwi. Halafu kimya.

Na saruji imekwisha. Lori la saruji nyingine limeharibika njiani, mbali huko. Litakuja lini? Hakuna ajuaye.

Mama akakaa juu ya kifusi. Hakuvua kofia. Hakula.

"Mama, utanipiga?"

"Sikupigi."

"Umekasirika?"

"Nimechoka, mwanangu. Nimechoka sana."

Kalunde aliona heri angepigwa kofi.

Leo hakuna daraja. Kesho hakuna daraja.

Jioni kanga nyekundu ikapunga kule ng'ambo. Kalunde akajificha nyuma ya rundo la mchanga.

"Kalundeee!"

Kimya.

"Kalundeee!"

Kimya.

"Kalunde, unaumwaaa?"

Hapo Kalunde hakuweza tena. Akatoka.

"Bibiii! Nimeharibu darajaaa!"

Akaangua kilio. Na korongo, halina hata haya, likarudia: darajaaa... darajaaa...

Bibi akashusha kanga. Akakaa chini palepale ukingoni. Kisha akaita.

"Mie nipooo! Sihamiii!"

Mama akaja taratibu, akamshika Kalunde bega.

"Zege si nguo, mwanangu. Nguo hukauka. Zege hukomaa. Na likiwa linakomaa, hunywa maji."

"Hunywa?"

"Hunywa. Lile gunia bichi ndilo linalolinywesha. Likikosa maji, linapasuka. Nilipaswa kukueleza, sikukueleza. Hilo ni kosa langu."

Kalunde akalia upya. Kumbe zege lilikuwa na kiu, naye akalinyang'anya maji!

Wakasubiri. Lori halikuja.

Wakasubiri tena. Lori halikuja. Chiriku wetu akanyamaza. Hata uji aliunywa bila neno. Usiku akiota, aliota gwa, gwa, gwa.

Leo hakuna daraja. Kesho hakuna daraja.

Asubuhi moja... piii! Piii! Lori!

Koroga, koroga, koroga. Shwaaa! Zege likamwagwa. Likafunikwa kwa magunia.

Safari hii Kalunde alikuja na kikopo chake. Mama akamshika mkono, asiteleze.

Chururu, chururu.

"Kunywa, zege. Kunywa ukue."

Asubuhi chururu. Mchana chururu. Jioni chururu. Kila siku Kalunde aliinua pembe ya gunia kwa woga, akachungulia. Ufa upo?

Ufa hakuna.

Siku zikapita, tena nyingi. Mwishowe Mama akasema, "Limekomaa." Wakatoa mbao. Wakafunga vyuma vya kushikia mikono.

Mama akavaa buti zake. "Aliyejenga ndiye hupita kwanza," akasema. "Ndivyo tunavyofanya."

Akaenda mpaka katikati. Akaruka, du! Akaruka, du! Daraja likatulia tuli.

"Kalunde, na wewe umejenga. Njoo."

Miguu ya Kalunde ikagoma. Vipi likipasuka?

Kule ng'ambo kanga nyekundu ikapunga.

"Kalundeee! Unakuja liniii?"

Kalunde akafumba macho. Akafumbua.

"Sasaaa!"

Mbio! Pata, pata, pata, pata! Akampita Mama, akamvamia Bibi tumboni, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi.

Usiku ule Kalunde alilala kwa Bibi. Bibi akamfunika kanga nyekundu.

"Bibi, kanga hii ni kavu?"

"Kavu, mjukuu wangu. Wewe si zege."

Kalunde akacheka. Kisha akauliza, "Bibi, nikiamka, daraja litakuwepo?"

Bibi akafungua dirisha kidogo. Mbalamwezi ilikuwa inawaka, na daraja lilikuwa palepale.

"Leo daraja lipo," Bibi akasema.

"Na kesho lipo," Kalunde akasema.

Akalala.